Taiwan: Vyakula vya wenyeji, masoko ya usiku na mambo yampasayo msafiri kuyajua

Taiwan ni kisiwa chenye wakaazi wapatao milioni 23, kilichoko mashariki mwa China bara, ng'ambo ya mlango-bahari ambao penye wembamba wake zaidi una upana wa takriban kilomita 130. Kisiwa kidogo cha Yonaguni, kilicho sehemu ya Japani, kiko umbali wa takriban kilomita 110 tu kutoka pwani yake ya mashariki, na upande wa kusini, ng'ambo ya Mlango-Bahari wa Luzon, iko Ufilipino. Kukaa katikati ya majirani hao ndiko kulikokipa kisiwa hicho historia yenye misukosuko, na ndiko pia kulikokijaza kisiwa vyakula vya asili nyingi.

Wazee wa Taiwan wanaozungumza Kihokkien cha huko wana desturi ya kumsalimu mtu kwa kumuuliza kama amekwisha kula akashiba. Mgeni anayeulizwa hivyo hatakiwi kueleza alichokula. Inatosha kuitikia kwamba ameshiba. Hata hivyo salamu hiyo huonyesha nafasi ya chakula katika maisha ya watu wa kisiwa hicho, ambako mlo wa jioni kwa wengi ni bakuli la tambi au sahani ya chaza iliyonunuliwa kando ya barabara.

Kwa msafiri azungumzaye Kiswahili, Taiwan ina mambo mawili yanayokutana mezani. La kwanza ni wingi wa vyakula vitamu kwa bei nafuu. La pili ni kwamba nyama ya nguruwe na mafuta yake vimo katika vyakula vingi kuliko macho yanavyoweza kuona. Makala hii inaeleza vyakula vikuu vya kisiwa hicho, vilikotoka, mahali vinapopatikana, na namna mtu mwenye masharti ya dini au ya afya anavyoweza kula bila ya wasiwasi.

Chakula kilichokusanya historia

Wenyeji wa kwanza wa Taiwan ni makabila ya asili, ambayo leo serikali inatambua 16 kati yake. Lugha zao ni za jamii ya Kiaustronesia, jamii ileile ya lugha ya Kimalagasi inayozungumzwa Madagaska, na wanaisimu wengi wanaamini kwamba jamii hiyo ya lugha ilianza kusambaa kutoka Taiwan maelfu ya miaka iliyopita. Katika vijiji vya milimani, wenyeji hao bado hupika nafaka ndogo ya jamii ya uwele, wali uliopikwa ndani ya kipande cha mwanzi, na nyama au samaki waliotiwa maqaw, punje ya mti wa porini yenye harufu inayochanganya ile ya pilipili manga na ya limau.

Waholanzi walijenga ngome zao kusini mwa kisiwa kuanzia mwaka 1624, na Wahispania wakashika sehemu ya kaskazini kwa muda mfupi. Mwaka 1662 Waholanzi walishindwa na jemadari Zheng Chenggong, anayejulikana pia kwa jina la Koxinga. Katika karne hiyo na zilizofuata, walowezi kutoka jimbo la Fujian na Wahakka kutoka Guangdong walivuka bahari kwa wingi, wakaleta supu, uji wa wali, mboga za kuchachusha na ustadi wa kukausha vyakula. Viazi vitamu, vilivyofika kutoka Amerika kupitia wafanyabiashara wa baharini, viliota vizuri katika udongo wa kisiwa na vikawa chakula cha maskini. Hadi leo watu wa Taiwan hujifananisha na kiazi kitamu, kwa kuwa kisiwa chao kwenye ramani kina umbo hilo.

Kuanzia mwaka 1895 hadi 1945 Taiwan ilikuwa koloni la Japani. Kutoka huko ulibaki upendo wa samaki mbichi, visanduku vya chakula cha safarini vinavyouzwa katika stesheni za reli, na vipande vya samaki na mboga vilivyochemshwa katika mchuzi mwepesi. Kisha mwaka 1949, baada ya kushindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China, serikali ya chama cha Kuomintang ilihamia Taiwan pamoja na zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanajeshi na jamaa zao waliotoka majimbo mbalimbali. Waliishi katika vijiji maalumu vya wanajeshi, kila mmoja akipika alichokikumbuka kutoka kwao.

Supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, ambayo leo huhesabiwa kuwa chakula cha taifa, ilitokana na mazingira hayo. Kabla ya hapo wakulima wengi wa Taiwan hawakula nyama ya ng'ombe, kwa sababu maksai alikuwa mwenzao wa kazi shambani na ilionekana kuwa utovu wa shukrani kumchinja. Wanajeshi wa zamani hawakuwa na mwiko huo. Msaada wa ngano kutoka Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 ulifanya tambi za ngano zipatikane kwa urahisi, na mchanganyiko wa maharage yaliyochachushwa na pilipili, unaotengenezwa hasa Gangshan, karibu na Kaohsiung, ukaipa supu hiyo rangi yake nyekundu. Wajukuu wa wale waliokataa nyama hiyo leo huiagiza kwa jina.

Masoko ya usiku

Masoko ya usiku ya Taiwan mengi yalianzia mbele ya mahekalu. Watu walipokwenda kusali na kutambika, wachuuzi waliwafuata na vyakula vyao, na uwanja wa hekalu ukawa soko. Mfano ulio dhahiri uko katika mji wa bandari wa Keelung, kaskazini mwa kisiwa, ambako soko la Miaokou, jina lenye maana ya mlangoni mwa hekalu, limelizunguka hekalu la Dianji. Mjini Taipei, soko la Raohe huanzia kwenye lango la hekalu la Ciyou.

Aliyewahi kutembelea bustani ya Forodhani, Unguja, baada ya magharibi hataona ugeni mkubwa katika mpangilio wake: vibanda vilivyopangwa mistari, moshi, taa, na watu wanaokula wakiwa wamesimama. Tofauti ni ukubwa. Soko la Shilin, lililo kubwa kuliko yote ya Taipei, huenea katika mitaa kadhaa. Soko la Ningxia ni dogo, na wenyeji wengi hulipenda kwa sababu limejaa vyakula vya kale kuliko nguo na michezo ya bahati nasibu. Mjini Taichung lipo soko la Fengjia, jirani na chuo kikuu, linalojulikana kwa kubuni vyakula vipya. Kaohsiung lipo soko la Liuhe, lenye samaki na viumbe wengine wa baharini. Soko kubwa la Tainan, liitwalo Huayuan, hufunguliwa siku za Alhamisi, Jumamosi na Jumapili tu, na msafiri anayefika siku nyingine hukuta uwanja mtupu.

Masoko mengi huanza kuchangamka saa kumi na moja jioni na hufungwa karibu na saa sita usiku. Bei huandikwa kwa dola za Taiwan, na dola moja ya Marekani hubadilishwa kwa takriban dola 30 za huko. Vitafunio vingi vya sokoni hugharimu kati ya dola 40 na 100 za Taiwan. Wachuuzi wengi hutaka fedha taslimu, na si desturi kuongeza bakshishi.

Vyakula vinavyotafutwa zaidi

Wali wa nyama ya kukatakata, uitwao lu rou fan, ni bakuli dogo la wali mweupe lililomwagiwa nyama ya nguruwe yenye mafuta, iliyopikwa kwa moto mdogo pamoja na mchuzi wa soya, sukari na vitunguu vidogo vya kukaanga. Ni chakula cha bei ya chini, lakini heshima yake si ndogo. Mwaka 2011 kitabu cha mwongozo wa wasafiri cha Michelin kilipoandika kwamba asili yake ni jimbo la Shandong nchini China, meya wa Taipei wa wakati huo, Hau Lung-pin, alijibu kwa kugawa bure mabakuli elfu moja ya wali huo ili kutangaza kwamba ni chakula cha Taiwan.

Chapati ya mayai na chaza hupikwa kwenye bamba la chuma lenye moto mkali. Mchuuzi hutia chaza wadogo, humwagia maji mazito ya wanga wa viazi vitamu, huvunja mayai juu yake, huongeza mboga za majani na kumalizia kwa mchuzi mwekundu wenye utamu. Wanga huo huifanya chapati iwe laini na yenye kunata. Wageni wengi hudhani haijaiva, ilhali wenyeji huutafuta mnato huo. Watu wa Taiwan wana neno moja la kusifia chakula chenye kunepa na kurudi kinapotafunwa: hukiita "Q", na herufi hiyo ya Kilatini huonekana hata kwenye vibao vya maduka.

Mkate wa mvuke uitwao gua bao hukunjwa na kujazwa kipande cha nyama ya nguruwe iliyopikwa muda mrefu, mboga za kuchachusha, karanga zilizosagwa pamoja na sukari, na majani ya giligilani. Mkate wa pilipili manga, maarufu katika soko la Raohe, hutengenezwa kwa namna ambayo watu wa pwani wataifahamu mara moja: donge la unga lenye nyama na vitunguu ndani hunyunyiziwa ufuta, kisha hubandikwa ubavuni mwa tanuri la udongo lenye makaa, kama vile mkate wa mofa unavyobandikwa.

Hakuna chakula kinachowagawa wageni kama tofu inayonuka. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa mfano wa jibini. Vipande vyake hulowekwa katika maji yaliyochachushwa kwa mboga, na wakati mwingine kamba au maziwa, mpaka vipate harufu kali. Kisha hukaangwa na kuliwa pamoja na kabichi ya siki. Harufu husikika kutoka mbali, lakini ladha ni pole kuliko harufu yenyewe. Mtaa wa kale wa Shenkeng, nje kidogo ya Taipei, unajulikana kwa vyakula vya tofu vya kila aina.

Kwa wapendao kuku, kuna kipande kikubwa cha kidari kilichopondwa, kikachovywa unga na kukaangwa, ambacho huweza kuzidi uso wa mlaji kwa upana. Kwa wapendao vitamu, kuna vidonge vya viazi vitamu vinavyokaangwa huku mpishi akivikandamiza na kuviachia mara kwa mara ili vivimbe ndani. Ipo pia jeli ya aiyu, inayopatikana kwa kusugua ndani ya maji baridi mbegu za tunda la mtini unaotambaa, ambao huota katika milima ya Taiwan. Maji hayo huganda yenyewe bila kuchemshwa, na huliwa kwa sharubati ya limau.

Asubuhi vyakula hubadilika. Maduka ya kifungua kinywa huuza maziwa ya moto ya soya, yenye sukari au chumvi, pamoja na vijiti virefu vya unga uliokaangwa ambavyo kwa ndani havitofautiani sana na andazi lisilo na sukari. Kuna pia chapati nyembamba za mayai, na wali wa kunata uliokunjwa kama mpira na kujazwa vitu vya chumvi.

Tainan na samaki aitwaye mwatiko

Tainan, mji ulio kusini magharibi, ulikuwa makao makuu ya kisiwa kwa zaidi ya karne mbili, na wenyeji huuhesabu kuwa mji wa walaji. Vyakula vyake vina utamu kidogo, urithi wa eneo lililolima miwa tangu enzi za Waholanzi.

Huko ndiko zilikoanzia tambi ziitwazo danzai. Neno hilo linatokana na mzega, yaani mti wa kubebea mizigo begani. Yasimuliwa kwamba mvuvi mmoja, aliposhindwa kwenda baharini katika miezi ya tufani, alianza kuuza tambi akizibeba kwa mzega. Duka la jina lenye maana ya "miezi ya uhaba" huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1895, na bado hutoa bakuli dogo la tambi lenye kamba mmoja juu yake. Tainan pia ndiyo asili ya "mkate wa jeneza", kipande kinene cha mkate kilichokaangwa, kikachimbwa ndani, kikajazwa mchuzi mzito wa maziwa na kufunikwa kwa ganda lake.

Samaki anayeutambulisha mji huo hatakuwa mgeni kwa wavuvi wa Kilifi, Tanga au Unguja. Ni yuleyule mwatiko, afugwaye katika mabwawa ya maji ya chumvi katika pwani ya Afrika Mashariki. Tainan imemfuga kwa karne kadhaa, na hakuna sehemu yake inayotupwa. Tumbo lenye mafuta hukaangwa au kupikwa kwenye uji wa wali wa asubuhi, ngozi hutiwa katika supu ya tangawizi, na nyama ya mgongoni husagwa kuwa vidonge. Mwatiko anajulikana kwa wingi wa miiba midogo, na ustadi wa kuitoa mmoja mmoja ndio unaotofautisha duka na duka. Kwa wafugaji wa Afrika Mashariki wanaolalamika kwamba wateja humkwepa samaki huyo kwa sababu ya miiba, Tainan inaonyesha kwamba thamani yake huongezeka jikoni.

Muhogo ndani ya kikombe cha chai

Kinywaji cha Taiwan kilichoenea duniani ni chai ya maziwa yenye punje nyeusi, inayonywewa kwa mrija mnene. Kilibuniwa katika miaka ya 1980. Maduka mawili, Chun Shui Tang la Taichung na Hanlin la Tainan, kila moja linadai kuwa la kwanza kutia punje hizo katika chai. Kesi kati yao ilidumu miaka kumi na ilimalizika mwaka 2019, pale mahakama ilipoona kwamba kinywaji hicho hakina hataza na mtu yeyote anaweza kukitengeneza.

Punje hizo ni wanga wa muhogo. Unga wake hukandwa kwa maji ya moto na sukari ya kahawia, hukatwa vipande vidogo, huviringwa, huchemshwa kisha hulowekwa katika sharubati. Zao ambalo Afrika Mashariki huliwa kama futari, ugali au mihogo ya kukaanga, huko limekuwa msingi wa biashara ya mabara yote. Mnunuzi huulizwa kiasi cha sukari na cha barafu anachotaka, na anayechunga sukari mwilini hana budi kujua kwamba punje zenyewe zimekwisha kulowekwa katika sukari hata kama chai itaagizwa tupu.

Matunda yenye siasa

Matunda ya Taiwan ni yale yanayojulikana katika ukanda wa joto: maembe, mananasi, mapera, topetope, mapapai na matofaa ya maji. Mapera huuzwa yakiwa magumu na hunyunyiziwa unga wa matunda makavu yenye chumvi, jambo litakalomkumbusha msafiri embe bichi la pilipili na chumvi. Wilaya ya Yujing, karibu na Tainan, ni maarufu kwa maembe, na wakati wa kiangazi mlima wa barafu laini iliyofunikwa kwa vipande vya embe huliwa na watu wawili au watatu kwa pamoja. Topetope bora hutoka Taitung, kusini mashariki.

Matunda hayo yamewahi pia kuwa silaha katika mvutano na China, ambayo inaihesabu Taiwan kuwa sehemu yake. Tarehe 1 Machi 2021, China ilisitisha uagizaji wa mananasi ya Taiwan ikisema yamekutwa na wadudu waharibifu. Serikali ya Taiwan ilieleza kwamba hatua hiyo ni ya kisiasa, ikawahimiza wananchi wayale wenyewe, na Japani ikageuka kuwa mnunuzi wake mkuu wa nje. Septemba mwaka huohuo zuio likafuata kwa topetope na matofaa, na wakulima wa Taitung, waliokuwa wakitegemea soko hilo moja, ndio walioumia zaidi. Uagizaji wa topetope ulianza kuruhusiwa tena, kwa masharti, mwaka 2023. Keki ndogo ya nanasi ambayo wasafiri hununua kuwa zawadi ina historia hiyo nyuma yake.

Kwa asiyekula nguruwe

Waislamu wa asili ya Taiwan ni wachache sana, lakini katika miongo ya karibuni wamefika wafanyakazi zaidi ya laki mbili kutoka Indonesia, na mahitaji yao yamebadilisha hali. Msikiti Mkuu wa Taipei, uliofunguliwa mwaka 1960, uko katika barabara ya Xinsheng Kusini. Baada ya sala ya Ijumaa wachuuzi hukusanyika karibu nao wakiuza vyakula vya halali. Karibu na stesheni kuu ya reli ya Taipei kuna mikahawa mingi ya Kiindonesia. Stesheni hiyo na uwanja wa ndege wa Taoyuan vina vyumba vya kusalia. Katika eneo la Longgang, mjini Taoyuan, jamii ya watu waliotoka Yunnan na mpaka wa Myanmar ina msikiti wake na mikahawa ya tambi za mchele. Misikiti iko pia Taichung, Tainan na Kaohsiung.

Chama cha Waislamu cha huko hutoa vyeti kwa mikahawa na hoteli zilizokaguliwa, na cheti hubandikwa mahali pa wazi. Neno la kutafuta kwenye kibao ni 清真, lisomwalo "chingjen", yaani halali. Mikahawa kadhaa ya supu ya tambi na nyama ya ng'ombe mjini Taipei inamilikiwa na familia za Kiislamu na ina neno hilo mlangoni.

Mahali pasipo na cheti, tahadhari inahitajika hata kwa chakula kinachoonekana kuwa cha mboga. Mboga za majani na wali mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe, mchuzi wa supu hutokana na mifupa yake, na samaki huweza kutiwa divai ya mchele ili kuondoa shombo. Chapati ya chaza huweza kukaangwa kwa mafuta hayohayo. Kumwambia mchuuzi "wo bu chi jurou", yaani "sili nyama ya nguruwe", kunasaidia, lakini kwa wengi sentensi hiyo inahusu kipande cha nyama, wala si mafuta wala supu. Ni lazima kuuliza kuhusu mafuta ya nguruwe, "juyou", kwa jina lake.

Njia rahisi ni kufuata alama 素, isomwayo "su", inayoonyesha mikahawa ya wasiokula nyama. Mabudha na wafuasi wa dini nyingine za huko wameifanya Taiwan kuwa na mikahawa mingi ya aina hiyo, na mingi huuza kwa kupima uzito wa chakula ambacho mlaji amejipakulia. Wengi wa wafuasi hao hawali vitunguu wala vitunguu saumu. Vyakula vyao vilivyofanana na nyama hutengenezwa kwa soya, ngano au uyoga. Hata hivyo alama hiyo si cheti cha halali, na huenda mayai na maziwa yakawamo.

Sheria na afya

Msafiri hapaswi kubeba nyama kuingia Taiwan. Tangu Desemba 2018, anayekamatwa na bidhaa za nyama ya nguruwe kutoka nchi zilizokumbwa na homa ya nguruwe ya Afrika hutozwa faini ya dola 200,000 za Taiwan kwa kosa la kwanza, na dola milioni moja kwa kosa la kurudia. Mgeni asiyelipa hurudishwa alikotoka. Ugonjwa huo, ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haumdhuru binadamu lakini huangamiza mifugo, na kisiwa kinachokula nguruwe kila siku hakiwezi kuuchukulia kwa wepesi. Soseji iliyosahaulika ndani ya mkoba inatosha kumtia mtu matatani.

Katika treni za mjini Taipei ni marufuku kula na kunywa, maji na ubani wa kutafuna vikiwemo, na faini huanzia dola 1,500 za Taiwan. Vikombe vya chai vinunuliwavyo karibu na stesheni humalizwa kabla ya kupita lango. Kwa kuwa mapipa ya taka barabarani ni machache, mtu hurudisha kijiti na karatasi kwa mchuuzi aliyemuuzia.

Karanga zilizosagwa hutiwa katika vyakula vingi, vitamu na vya chumvi, na kamba wakavu huwamo katika michuzi mingi. Mwenye mzio wa vitu hivyo aandikiwe onyo lake kwa Kichina kabla ya safari. Maji ya bomba huchemshwa kabla ya kunywewa. Chaza na supu ni salama zaidi katika kibanda chenye wateja wengi, ambako chakula hakikai.

Kando ya barabara kuu msafiri ataona vibanda vya taa za rangi vinavyouza popoo iliyofungwa kwa jani la tambuu pamoja na chokaa. Watu wa pwani ya Uswahilini wanaifahamu tambuu katika sherehe na mapokezi. Nchini Taiwan hutafunwa hasa na madereva na wafanyakazi wa kazi ngumu ili kuondoa usingizi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka popoo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na serikali ya Taiwan imefanya kampeni za miaka mingi dhidi yake. Ni kionjo ambacho msafiri anaweza kukiacha.

Kazi ya mchuuzi

Mwaka 2018 mwongozo wa mikahawa wa Michelin ulitoa toleo lake la kwanza kuhusu Taipei, na katika orodha yake ya vyakula vizuri vya bei nafuu viliingia vibanda vya masoko ya usiku. Foleni zilirefuka, na bei za baadhi ya vibanda zikapanda. Sifa hiyo haikuondoa ugumu wa kazi yenyewe. Kibanda kizuri kwa kawaida huuza chakula kimoja au viwili tu, vinavyoandaliwa tangu alfajiri na kuuzwa hadi usiku wa manane. Wazee wengi wameshika sufuria moja kwa miaka 40 au zaidi, na si kila mtoto aliyesoma anakubali kusimama mbele ya moto huo.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuonja Taiwan vizuri afuate kanuni ya wenyeji: aagize kidogo, chakula kimoja kwa kila kibanda, akichangia na wenzake, kisha aendelee mbele. Kila kibanda kina jambo lake moja kinacholijua. Atakayejaza tumbo kwenye kibanda cha kwanza atakuwa amekula chakula cha mtu mmoja, na soko zima litakuwa limempita.